Vimeng'enya vya Umetaboli wa Asidi Amino na Magonjwa ya Binadamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudiwa na wazazi, na wanafunzi wa uuguzi na udaktari, na wagonjwa walioandikiwa kipimo au kidonge bila kuelezwa kinahusu nini. Majibu yamekusudiwa kumsaidia msomaji aelewe. Hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa mwenyewe.

## Mambo ya msingi

Asidi amino ni nini, na mwili huzifanyia nini?

Asidi amino ni chembe ndogo za kikemikali zinazoungana kutengeneza protini. Protini za binadamu hujengwa kwa asidi amino 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, kwa hiyo ni lazima zitokane na chakula. Tunapokula maharage au dagaa, protini zake huvunjwavunjwa tumboni na katika utumbo mpaka zibaki asidi amino moja moja, ambazo huingia katika damu na kupelekwa kwenye ini.

Kutoka hapo kila asidi amino hufuata njia yake. Baadhi hujenga misuli na damu, baadhi hugeuzwa kuwa homoni, rangi ya ngozi au kemikali zinazopeleka ujumbe katika ubongo. Zinazozidi mahitaji huchomwa ziwe nishati, kwa sababu mwili hauna mahali pa kuziweka akiba kama unavyoweka mafuta. Zinapochomwa, nitrojeni iliyomo ndani yake hutoka katika umbo la amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Ini huigeuza kuwa urea, na figo huitoa urea hiyo katika mkojo. Kila hatua katika safari hii husimamiwa na kimeng'enya chake, na kila kimeng'enya ni protini iliyotengenezwa kwa kufuata maelekezo ya jeni fulani.

Kimeng'enya kimoja kikikosekana, ugonjwa hutokeaje?

Njia ya umetaboli, yaani mfululizo wa hatua za kikemikali mwilini, inaweza kulinganishwa na mfereji wa umwagiliaji: mlango mmoja ukiziba, maji hufurika juu yake, shamba la chini hukauka, na maji yaliyofurika hujitafutia njia yasikotakiwa kwenda. Katika mwili hali hizo tatu huonekana mara nyingi kwa mgonjwa mmoja. Mtu mwenye fenilketonuria, ugonjwa unaoelezwa hapa chini, hurundikiwa na asidi amino iitwayo fenilalanini, hupungukiwa na asidi amino iitwayo tirosini ambayo ingetengenezwa kutokana nayo, na hutoa katika mkojo kemikali ambazo kwa kawaida hazionekani.

Kuna jambo la nne ambalo husahaulika, nalo ni kwamba vimeng'enya vingi havifanyi kazi peke yao. Vinahitaji msaidizi, mara nyingi vitamini. Msaidizi huyo akikosekana, kimeng'enya kizima kabisa kinaweza kusimama kana kwamba jeni yake ina hitilafu. Ndiyo maana ukurasa huu unazungumzia magonjwa adimu ya kurithi pamoja na kifua kikuu, malaria na muhogo.

Ni nani aliyetambua kwanza kwamba hitilafu ya kimeng'enya inaweza kurithiwa?

Ni daktari Mwingereza Archibald Garrod. Mwaka 1902 aliandika kuhusu alkaptonuria, hali ambayo mkojo wa mgonjwa hugeuka mweusi ukiachwa hewani, na ambayo baadaye maishani huharibu viungo na uti wa mgongo. Garrod aligundua kwamba ndugu wa familia moja waliugua huku wazazi wao wakiwa wazima, na kwamba wazazi hao mara nyingi walikuwa ndugu wa damu, watoto wa ndugu. Alikata shauri kwamba wagonjwa walizaliwa bila uwezo wa kukamilisha hatua moja ya kuvunja tirosini, na kwamba upungufu huo ulifuata kanuni za urithi ambazo wanasayansi wa wakati wake walikuwa wamezigundua upya miaka michache tu kabla. Wazo hilo, kwamba jeni moja husimamia kazi moja ya kikemikali, lilikuja kuthibitishwa miongo kadhaa baadaye.

Mbona wazazi wote wawili ni wazima, na katika ukoo hakuna aliyewahi kuugua?

Kila mtu ana nakala mbili za jeni nyingi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kwa vimeng'enya vingi, nakala moja nzima inatosha kabisa, hivyo mtu mwenye nakala moja mbovu haumwi wala hajui kwamba anayo. Watu wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata nakala mbovu zote mbili. Uwezekano huo haubadiliki kwa kuwa mtoto aliyetangulia aliugua au hakuugua.

Watu wa ukoo mmoja huweza kubeba nakala mbovu ileile waliyorithi kwa babu au bibi mmoja. Kwa hiyo mahali ambapo ndoa za binamu ni desturi, kama Oman na nchi nyingine za Ghuba, magonjwa haya huonekana zaidi. Haifai kuligeuza jambo hili kuwa lawama, wala kumtupia mama, kama inavyofanyika katika familia nyingi. Mtoto wa namna hii amerithi kutoka pande zote mbili kwa usawa. Ugonjwa mmoja unaofuata njia tofauti ya urithi umeelezwa katika swali la watu wazima, sehemu ya mwisho.

## Magonjwa ya kurithi

Fenilketonuria ni nini, na kwa nini ndiyo hutajwa kila mara?

Hutajwa kwa sababu ndiyo iliyofundisha dunia kwamba ugonjwa wa kurithi unaweza kuzuiwa. Kimeng'enya chenye hitilafu ni fenilalanini hidroksilesi, kilichomo kwenye ini, ambacho hugeuza fenilalanini kuwa tirosini. Kikikosekana, fenilalanini hupanda katika damu na kuuharibu ubongo unaokua. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha kadiri miezi inavyopita anachelewa kukaa, kusema na kuelewa. Anaweza kupata degedege, na ngozi na nywele zake huwa nyeupe kuliko za ndugu zake.

Mwaka 1934, nchini Norwei, daktari Asbjørn Følling alipima mkojo wa ndugu wawili waliokuwa na ulemavu mkubwa wa akili, baada ya mama yao kuhangaika kutafuta sababu. Aliutia kloraidi ya chuma na mkojo ukageuka kijani badala ya rangi aliyoitarajia, na kwa subira kubwa akaitambua kemikali iliyosababisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Horst Bickel na wenzake mjini Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba mtoto akipewa lishe yenye fenilalanini kidogo hali yake huwa nafuu. Tatizo likabaki moja: dalili zikishaonekana, sehemu kubwa ya madhara imekwisha kutokea. Robert Guthrie, Mmarekani, alilitatua katika miaka ya 1960 kwa kubuni kipimo cha matone machache ya damu ya kisigino cha mtoto mchanga yaliyokaushwa kwenye karatasi.

Leo mtoto anayegunduliwa na kuanza lishe maalumu ndani ya siku 10 hivi za kwanza anaweza kusoma, kufanya kazi na kuzaa kama watu wengine. Lishe hiyo ni ngumu: nyama, samaki, mayai, maziwa na kunde huondolewa, na mahali pake huwekwa unga wa asidi amino usio na fenilalanini, na inashauriwa iendelee maisha yote. Baadhi ya wagonjwa husaidiwa na sapropterini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, ambayo ni msaidizi wa asili wa kimeng'enya hicho. Huko Ulaya ugonjwa huu humpata takriban mtoto 1 katika kila 10,000. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara ni adimu zaidi.

Kwa nini kopo la soda isiyo na sukari huwa na onyo kuhusu fenilalanini?

Kiongeza utamu kiitwacho aspatami, kinapovunjwa mwilini, hutoa fenilalanini, ambayo ni takriban nusu ya uzito wake. Onyo hilo linamhusu mtu mwenye fenilketonuria peke yake. Mtu asiye na ugonjwa huo hupata fenilalanini nyingi zaidi katika sahani ya maharage kuliko katika soda hiyo, na vimeng'enya vyake huishughulikia bila shida.

Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, siku ya tatu akalegea. Inaweza kuwa kimeng'enya?

Inaweza, na hili ndilo jibu ambalo tungependa lisomwe kuliko mengine yote. Mtoto akiwa tumboni, kondo la mama humsafishia damu. Baada ya kuzaliwa, maziwa huanza kumpa protini na ini lake hubaki peke yake. Ikiwa kimeng'enya kimoja cha mzunguko wa urea, yaani njia ya ini ya kuigeuza amonia kuwa urea, iliyoelezwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit mwaka 1932, hakifanyi kazi, amonia huanza kupanda. Mtoto huacha kunyonya, hulala mno, hutapika, hupumua haraka bila kuwa na homa wala nimonia, kisha hupata degedege na kupoteza fahamu.

Picha hiyo inafanana sana na maambukizi ya damu ya mtoto mchanga, ambayo ni ya kawaida zaidi, na ni sahihi kabisa kuanza antibayotiki mara moja. Kosa ni kuishia hapo. Mtoto mchanga aliyelegea bila maelezo ya kutosha, hasa kama ndugu yake alifariki kwa namna hiyohiyo, anahitaji pia kupimwa amonia ya damu. Sampuli iwekwe kwenye barafu na ifike maabara upesi, kwa sababu ikikaa hutoa majibu ya juu yasiyo ya kweli. Kiwango kinachozidi mikromoli 200 kwa lita ni dharura.

Hata hospitali isiyo na dawa maalumu ina la kufanya. Protini husimamishwa kwa muda, mtoto hupewa dripu yenye glukosi ya kutosha ili mwili wake usivunje misuli yake wenyewe, na mawasiliano na hospitali kubwa huanza saa ileile. Protini haipaswi kusimamishwa kwa zaidi ya siku moja hadi mbili, kwa maana mwili wenye njaa ya protini hujila. Hospitali za rufaa zinaweza kuongeza asidi amino ya arjinini, sodiamu benzoati inayofunga nitrojeni na kuitoa katika mkojo, na usafishaji wa damu.

Ugonjwa mwingine unaojitokeza wiki ya kwanza ni ule ambao mkojo na nta ya masikio ya mtoto hunukia sukari iliyoungua. Hapo kimeng'enya kinachovunja lusini, isolusini na valini ndicho kilichoshindwa, na lusini ndiyo inayodhuru ubongo zaidi. Ulielezwa na John Menkes mwaka 1954. Mama au bibi anayesema kwamba mtoto ananukia tofauti asipuuzwe. Ameleta kipimo ambacho maabara nyingi hazina.

Homosistinuria ni nini?

Ni upungufu wa kimeng'enya sistathionini betasinthesi, kinachoshughulikia homosisteini inayotokana na asidi amino ya methionini. Homosisteini ikirundikana, lenzi ya jicho huhama mahali pake, mifupa huwa mirefu na dhaifu, na damu huganda ndani ya mishipa hata kwa kijana. Mara nyingi wagonjwa hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa Marfan kwa sababu ya urefu wao. Dalili moja ya kutofautisha ni kwamba katika homosistinuria lenzi huelekea chini, na katika Marfan huelekea juu. Takriban nusu ya wagonjwa hupata nafuu kwa vitamini B6 kwa dozi kubwa. Kijana mrefu mwenye matatizo ya kuona ambaye amepata kiharusi anastahili kupimwa homosisteini kabla ya kuambiwa sababu haijulikani.

Je, ualbino ni ugonjwa wa vimeng'enya vya asidi amino?

Ndiyo, ingawa kwa Afrika Mashariki jibu lina hatua moja zaidi. Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na melanini, na melanini hutengenezwa kutokana na tirosini kwa kazi ya kimeng'enya tirosinesi. Katika ualbino wa aina ya kwanza, jeni ya tirosinesi yenyewe ndiyo yenye hitilafu. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi Afrika kusini mwa Sahara, tirosinesi ni nzima, lakini protini nyingine iitwayo OCA2, inayorekebisha kiwango cha asidi ndani ya vifuko vinamotengenezwa rangi, haifanyi kazi. Mazingira yakiwa na asidi nyingi, tirosinesi hudhoofika. Kipande kimoja kilekile cha jeni ya OCA2, chenye urefu wa herufi 2,700 hivi, kimekosekana kwa watu wengi wenye ualbino kuanzia Tanzania hadi Afrika Kusini, jambo linaloonyesha kwamba walikirithi kutoka kwa mhenga mmoja wa zamani sana.

Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila 1,400, kiwango kikubwa mara nyingi kuliko cha Ulaya. Upungufu wa melanini huathiri uoni, kwa sababu jicho na mishipa inayoliunganisha na ubongo huhitaji melanini katika kukua, na huiacha ngozi bila kinga dhidi ya jua. Saratani ya ngozi ndiyo hatari kubwa inayoweza kuzuiwa: kofia pana, mikono mirefu, losheni ya jua, na kukaguliwa ngozi mara kwa mara. Mjini Moshi, katika kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ilianzishwa kazi ya kutengeneza losheni ya Kilisun mahususi kwa ajili ya watu wenye ualbino.

Baada ya maelezo haya hakuna nafasi inayobaki kwa imani za uchawi, bahati au laana, imani ambazo zimewagharimu maisha watu wasio na hatia. Kinachomtofautisha mtu mwenye ualbino na nduguye ni hatua moja ya kikemikali katika matumizi ya tirosini.

## Vimeng'enya hivi katika magonjwa yaliyozoeleka

Kwa nini natumia dawa za kifua kikuu nikapewa na vidonge vya vitamini B6?

Kwa sababu ya isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo. Vitamini B6, katika umbo lake linalofanya kazi, ni msaidizi wa idadi kubwa ya vimeng'enya vya asidi amino. Isoniazidi huishika vitamini hiyo na pia huzuia isigeuzwe kuwa umbo linalofanya kazi. Kimeng'enya kimoja kinachoathirika ni kile kinachogeuza glutamati, kemikali inayouchochea ubongo, kuwa GABA, kemikali inayoutuliza.

Kwa watu wengi upungufu huo hujitokeza polepole kama ganzi, miguu kuwaka moto au kuchomachoma kuanzia vidoleni. Wajawazito, watu wanaoishi na VVU, wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo, wanaokunywa pombe nyingi na wenye utapiamlo wako katika hatari zaidi, na kwao miligramu 10 hadi 25 za B6 kwa siku huzuia tatizo. Hali ni hiyohiyo kwa wanaotumia isoniazidi kwa ajili ya kinga. Aliyemeza isoniazidi nyingi kupita kiasi anaweza kupata degedege lisilotulia kwa dawa za kawaida. Tiba yake ni B6 kwa mshipa, kwa gramu zinazolingana na gramu za isoniazidi zilizomezwa.

B6 inahitajika pia katika kutengeneza naiasini, yaani vitamini B3, kutokana na asidi amino ya triptofani, kazi inayohitaji takriban miligramu 60 za triptofani ili kupata miligramu 1 ya naiasini. Anayeishi kwa ugali wa mahindi bila mboga ya kunde wala samaki tayari hupata triptofani kidogo. Akiongezewa isoniazidi, anaweza kupata pelagra, yaani ngozi kubabuka mahali panapopigwa na jua, kuharisha na kuchanganyikiwa. Ngozi iliyobabuka shingoni kama mkufu kwa mgonjwa wa kifua kikuu isidhaniwe kuwa ni mzio tu.

Konzo inahusianaje na asidi amino?

Konzo ni kupooza kwa miguu yote miwili kunakotokea ghafla, mara nyingi kwa siku moja, bila maumivu, na kunakobaki maisha yote. Giovanni Trolli aliieleza mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, Kongo. Tanzania ilikuwa na mlipuko Tarime katika miaka ya 1980. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, katika vijiji vinavyoishi kwa muhogo mchungu wakati wa ukame au vita, watu wanapofupisha siku za kuuloweka na kuukausha.

Muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri hutoa sayanidi. Mwili una kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huigeuza sayanidi kuwa thiosayanati isiyo kali, inayotoka katika mkojo. Lakini kila mara kinahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika asidi amino za methionini na sisteini. Mtu anayekula samaki, kunde au nyama anayo salfa ya kutosha. Mtu ambaye mlo wake ni muhogo asubuhi na jioni huiishiwa, na hata kiasi kidogo alicho nacho hutumika kupambana na sumu badala ya kuilisha mishipa ya fahamu. Kinachopooza miguu ni kukutana kwa sumu na ufukara wa protini, na kwa hiyo konzo huwaacha wenye nacho na kuwapata maskini.

Kuna njia rahisi ya kupunguza sayanidi katika unga: unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na huachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha hupikwa siku hiyohiyo. Njia hii haimponyi aliyekwisha kupooza, ila huwalinda waliobaki.

Nimesikia malaria kali hupunguza arjinini. Ni kweli?

Ni kweli. Arjinini hutumiwa na mwili kutengeneza oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza mishipa ya damu na kuzuia seli zilizoambukizwa zisigande ukutani mwake. Uchunguzi wa watoto wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba watoto wenye malaria ya ubongo walitengeneza gesi hii kidogo kuliko wengine, na mwaka 2003 ikaonyeshwa kwamba arjinini katika damu yao ilikuwa chini. Sababu mojawapo ni kwamba chembe nyekundu za damu zinapopasuka humwaga arjinesi, kimeng'enya kinachoivunja arjinini. Kumpa mgonjwa arjinini bado si sehemu ya tiba ya kawaida. Atesuneti ya sindano ndiyo inayookoa maisha.

Je, kwashakoo ni ugonjwa wa vimeng'enya?

Hapana. Ni utapiamlo mkali. Vimeng'enya vya mtoto ni vizima, lakini vinakosa vitu vya kufanyia kazi, na baadhi hupunguza kasi ili mwili ubane matumizi. Matibabu hufuata mwongozo wa utapiamlo mkali, na kumjaza mtoto protini siku za kwanza kunaweza kumdhuru.

## Vipimo na dawa

ALT na AST katika majibu ya vipimo vya ini ni nini?

Ni vimeng'enya vya asidi amino vinavyojulikana na wagonjwa wengi bila wao kujua. Kazi ya vimeng'enya hivyo ndani ya seli ni kuhamisha kikundi cha amino kutoka asidi moja kwenda nyingine. Mahali pake ni ndani ya seli. Vikionekana kwa wingi katika damu, maana yake ni kwamba seli zimejeruhiwa. ALT hutoka hasa kwenye ini, AST hutoka pia kwenye misuli na moyo, kwa hiyo mtu aliyebeba mizigo mizito jana anaweza kuwa na AST ya juu huku ini lake likiwa zima.

Kwa anayetumia dawa za kifua kikuu, dawa zinazodhuru ini husimamishwa ALT inapozidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida akiwa na dalili kama kichefuchefu au macho ya njano, au mara 5 hata bila dalili. Uamuzi huo ni wa daktari. Mgonjwa asijiachishe dawa kwa kusoma karatasi ya majibu.

Watoto wachanga wanapimwa magonjwa haya hapa kwetu?

Kuwapima watoto wote magonjwa ya asidi amino bado si sehemu ya huduma za kawaida za uzazi Tanzania wala Kenya. Ulaya, Marekani ya Kaskazini na nchi kadhaa za Ghuba hufanya hivyo, kwa tone la damu la siku za mwanzo na mashine inayopima asidi amino nyingi kwa mara moja. Mzazi anayejifungulia huko asikatae kipimo hicho.

Wapo wanaosema kwamba nchi yenye malaria na seli mundu haina nafasi ya kushughulikia magonjwa adimu. Hoja hiyo ina uzito kuhusu fedha, lakini haitoshi. Mpaka tupime hatutajua ni magonjwa yapi ni adimu kwetu, na miundo ya kukusanya tone la damu la kisigino kwa ajili ya seli mundu inaweza kubeba vipimo vingine. Kwa sasa, familia iliyopoteza watoto wachanga wawili bila maelezo imwambie daktari habari hiyo kabla ya kujifungua tena.

Kuna dawa zinazofanya kazi kwa kuvilenga vimeng'enya hivi?

Zipo, na mbili zina historia ndefu. Seli za saratani ya damu ya aina ya limfoblasti kali hushindwa kujitengenezea asidi amino ya asparajini ya kutosha. Dawa ya asparajinesi huimaliza asparajini katika damu, seli za kawaida hujitengenezea yao, za saratani hufa. Kisa kilianza mwaka 1953, John Kidd alipoona kwamba majimaji ya damu ya simbilisi wa maabara yaliangamiza uvimbe wa limfu katika panya. Leo asparajinesi ni sehemu ya tiba ya watoto duniani kote.

Ya pili ni eflonithini, ambayo huzuia kimeng'enya kinachoibadilisha asidi amino ya ornithini, na kwa hiyo vimelea vya malale hushindwa kuzaliana. Iliwatoa katika usingizi wa kifo wagonjwa wa malale ya gambiense, aina ya Kongo na kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kwa aina ya rhodesiense inayopatikana Tanzania na mashariki mwa Uganda haitegemewi, kwani kimelea huyo hutengeneza kimeng'enya kipya haraka mno.

## Maswali ya hali za pekee

Mwanamke mwenye fenilketonuria anaweza kuzaa mtoto mzima?

Anaweza, akijiandaa. Fenilalanini nyingi katika damu ya mama hupita kwenye kondo na kumdhuru mtoto hata kama mtoto hakurithi ugonjwa: kichwa kidogo, kasoro za moyo, kuchelewa kukua. Lishe inapaswa kudhibitiwa kabla ya mimba, fenilalanini ikiwa kati ya mikromoli 120 na 360 kwa lita, na kubaki hivyo hadi kujifungua. Mwanamke aliyeacha lishe tangu ujana airudie kwa usimamizi wa daktari kabla ya kushika mimba.

Mtu mzima anaweza kuugua kwa mara ya kwanza?

Ndiyo. Mfano mkuu ni upungufu wa ornithini transkabamilesi, kimeng'enya cha mzunguko wa urea ambacho jeni yake iko katika kromosomu X. Wavulana wenye hitilafu kamili huugua wiki ya kwanza. Wanawake wenye nakala moja mbovu wanaweza kuishi miaka mingi wakichukia nyama bila kujua kwa nini, kisha wakachanganyikiwa au kupoteza fahamu baada ya kujifungua, baada ya kufunga kwa muda mrefu, au baada ya kuanza dawa ya kifafa ya valproeti. Mzazi aliyechanganyikiwa siku chache baada ya kujifungua hupelekwa upesi kwa daktari wa akili, wakati mwingine kwa mganga. Apimwe kwanza malaria, sukari, maambukizi, na amonia inapowezekana.

Je, jeni yenyewe inaweza kurekebishwa?

Mwaka 1999 kijana wa miaka 18 mwenye upungufu uliotajwa katika swali lililotangulia alifariki Philadelphia akiwa katika jaribio la tiba ya jeni, na utafiti wa aina hiyo ukarudi nyuma kwa miaka. Katika mji huohuo, mwaka 2025, mtoto mchanga aliyekosa kimeng'enya cha kwanza cha mzunguko wa urea alipewa tiba iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake ili kurekebisha herufi moja ya jeni kwenye ini, na akaweza kula protini zaidi huku akipunguziwa dawa. Ni mgonjwa mmoja, naye anahitaji kufuatiliwa kwa miaka.

Ni kweli dawa ya alkaptonuria huua mbu?

Ni kweli. Dawa hiyo ni nitisinoni, inayozuia kimeng'enya cha pili katika njia ya kuvunja tirosini. Ilitokana na utafiti wa viua magugu, ikaanza kutumiwa Uswidi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa watoto wenye tirosinemia ya aina ya kwanza, ugonjwa unaoharibu ini, na mwaka 2020 Ulaya ikaidhinisha itumiwe kwa watu wazima wenye alkaptonuria.

Mbu aliyeshiba damu amemeza protini nyingi mno kwa mwili wake, na asipoweza kuivunja tirosini hufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulitumia damu iliyotolewa na wagonjwa wa alkaptonuria wanaotumia nitisinoni, na Anopheles gambiae walioinywa walikufa. Dawa haimgusi kimelea wa malaria, kwa hiyo haimtibu anayeimeza. Inachofanya ni kumuua mbu aliyemuuma. Kabla ya kutumiwa vijijini inahitaji majaribio kuhusu dozi na usalama kwa watu wazima na watoto wasio na ugonjwa wowote, kwa sababu tirosini inayopanda kutokana na dawa hii inaweza kudhuru konea ya jicho.